Thamani ya besi imo ndani ya boksi, lakini fundi wake ndiye hulipwa mwisho

Katika biashara ya muziki wa magari jijini Nairobi, karibu kila kitu kinachopangwa kwenye rafu kimetoka ng'ambo. Spika za besi, amplifaya, waya, fyuzi na redio zenyewe hushushwa bandarini Mombasa zikiwa katika katoni, hupanda hadi maduka ya Luthuli na River Road, na huuzwa kwa wati zilizochapishwa kwa herufi kubwa. Kitu kimoja tu huundwa hapa hapa, kwa kipimo cha gari moja na mteja mmoja, nacho ni boksi la mbao ambamo spika hufungwa. Boksi hilo ndilo huamua kama pesa zilizolipwa dukani zitasikika au zitapotea, lakini hulipiwa mwisho, kwa kile kilichosalia mfukoni baada ya kila kitu kingine kununuliwa. Mpangilio huo wa bei ni hasara ya kibiashara, na anayeumia zaidi ni mwenye gari kuliko hata fundi. Dalili zote zinaonyesha kwamba hautaondolewa na amri ya serikali wala na punguzo la ushuru. Utaondolewa, kama utaondolewa, siku ambayo mafundi wataanza kuuza vipimo badala ya kuuza mbao.

Hesabu yenyewe haihitaji shahada. Chukua boksi la kawaida la spika moja ya inchi 12, lenye upana wa sentimita 60, kimo cha 40 na kina cha 35, lililoundwa kwa ubao wa MDF wa milimita 18. Kwa nje lina lita 84. Ukitoa unene wa mbao pande zote, ndani zinabaki lita 64. Ukitoa tena nafasi inayoliwa na sumaku ya spika, bomba la hewa na vipande vya kukaza kuta, hewa inayofanya kazi ni kama lita 55. Fundi aliyepima kwa nje na fundi aliyepima kwa ndani wametengeneza vitu viwili tofauti, hata kama maboksi yao yamevishwa kapeti moja na yanatoshea kwenye buti moja. Kwa kawaida spika ya inchi 12 huhitaji kama lita 21 hadi 35 boksi likiwa limezibwa kabisa, na kama lita 42 hadi 70 likiwa na bomba. Kiasi hasa huandikwa kwenye karatasi inayokuja ndani ya katoni, karatasi ambayo mara nyingi huishia kwenye pipa la taka la duka. Bomba nalo lina sheria yake. Lenye kipenyo cha ndani cha sentimita 10, katika hewa ya lita 55, linataka urefu wa kama sentimita 27 ili boksi liitikie kwenye Hz 35, yaani mitetemo 35 kwa sekunde. Likikatwa hadi sentimita 15, boksi lile lile linaruka hadi karibu Hz 44, na hakuna jicho litakaloona tofauti hiyo kutoka nje.

Ingiza sasa bei ya ubao katika hesabu hiyo. Shiti moja la futi 8 kwa 4 lina eneo lisilofika mita 3 za mraba. Boksi tulilotaja linakula karibu mita 1.2, kwa hiyo shiti linatoa maboksi mawili na mabaki ya kuongeza ubao wa pili kwenye uso wa mbele, mahali spika inapovuta na kusukuma kwa nguvu zaidi. Mteja akibana bei, fundi anabaki na njia moja ya kuokoa siku yake, nayo ni kutoa maboksi matatu katika shiti hilo. Hilo linawezekana akishusha vipimo hadi sentimita 50 kwa 35 kwa 30. Lakini hewa ya ndani inaporomoka kutoka lita 64 hadi 38, na ikishatolewa nafasi ya spika na bomba haizidi sana 30. Bomba refu halina tena pa kulala, linakatwa, na boksi linaishia kuitikia karibu na Hz 60. Noti ya chini kabisa ya gitaa la besi la nyuzi nne ni kama Hz 41. Chini ya sauti ambayo boksi limewekewa, hewa ya ndani haiishikilii tena koni ya spika, nayo hucheza bila breki huku mwenye gari akiongeza sauti kutafuta besi ambayo boksi haliwezi kuitoa. Koili huungua. Akiba ya sehemu moja ya sita ya shiti kwa kila boksi imelipwa kwa spika nzima.

Mwenye karakana mmoja wa upande wa Kirinyaga Road, ambaye kama wengi katika biashara hii hataki jina lake litajwe, analalamika kwamba lawama ya spika iliyoungua humfikia yeye daima. Kwa maelezo yake, mteja hufika akiwa tayari amenunua spika na amplifaya kwa ushauri wa muuzaji, bila kuuliza kama gari lake lina nafasi ya boksi linalohitajika. Anataka kazi imalizike siku hiyo hiyo. Gundi ya mbao ingestahili kulala usiku mmoja, lakini kwa gari la abiria, matatu, kuegeshwa ni hesabu ya siku iliyopotea, na mwenye gari hataki kusikia habari za gundi. Ubao wa pili wa mbele anauona kama njia ya fundi kumwongezea bili. Miezi ikipita na spika ikinyamaza, muuzaji wa dukani husema boksi lilikuwa baya, fundi husema spika ilikuwa bandia, na kwa kuwa hakuna aliyeandika chochote, anayeonekana kuwa na hatia ni yule asiye na risiti wala kibao cha duka. Mwenye karakana huyo anadai amewahi kurudia kazi bure ili tu asipoteze wateja wa stendi nzima, kwa sababu katika matatu habari mbaya ya fundi husafiri njia nzima kabla ya jioni.

Malalamiko hayo yana uzito, lakini ni nusu ya ukweli. Kama hakuna aliyeandika chochote, fundi ni mmoja wa wasioandika. Hakuna kinachomzuia kubandika ndani ya mlango wa buti karatasi yenye mistari minne: lita za hewa, Hz za boksi, aina ya spika na tarehe. Karatasi hiyo ingemkinga siku ya ugomvi kuliko maelezo yoyote, na ingempa mwenye gari kitu cha kulinganisha anapoambiwa na karakana ya jirani kwamba huko bei iko chini. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na wafanyabiashara wengi wa Luthuli wanaiamini kauli hiyo. Lakini boksi zuri haliwezi kujiuza, kwa maana uzuri wake wote umefunikwa. Viungo visivyovuja hewa, silikoni iliyopitishwa kwenye kila kona, ukuta uliokazwa kwa kipande cha kati, vyote viko chini ya kapeti. Kizuri kisichoonekana kinahitaji maandishi ili kilipwe, na biashara ambayo imekataa maandishi imejichagulia kulipwa kwa kinachoonekana, yaani ukubwa na kapeti.

Hoja inayotolewa mara nyingi dhidi ya haya ni kwamba mteja wa Nairobi hajali Hz wala lita. Anataka sauti kubwa, basi. Hata tukikubali kwamba anataka kelele tupu, hesabu bado inamrudisha kwenye boksi. Ili sauti ipande kwa desibeli 3, amplifaya lazima itoe umeme mara mbili. Boksi la bomba lililopimwa vizuri linaweza kuleta ongezeko la kiasi hicho katika sauti za karibu na kipimo chake, ukilinganisha na lililozibwa, bila wati moja zaidi. Mwenye gari anayekataa kuongeza pesa kidogo kwa fundi kisha akarudi dukani kununua amplifaya kubwa zaidi amenunua kwa bei ghali kitu ambacho angekipata kwa mbao na rula. Na wati zenyewe zinahitaji kutazamwa kwa makini. Amplifaya iliyoandikwa wati 3000 huku ikiwa na fyuzi mbili za ampea 30 haiwezi kuvuta kwa muda zaidi ya ampea 60. Kwa volti 14 hizo ni wati 840 zinazoingia, na sehemu yake hupotea kama joto. Kinachofika kwenye spika ni wati mia sita na kitu, mashine ikiwa nzuri. Mambo ni mabaya zaidi waya ukiwa wa alumini uliopakwa shaba, maana huo hupitisha umeme kwa kama theluthi mbili tu ya waya wa shaba wa unene ule ule, nao umejaa sokoni kwa sababu ni mwepisi, ni nafuu na unafanana na shaba machoni. Katika msururu huu wote wa madai yaliyochapishwa, boksi ndilo peke yake ambalo mnunuzi anaweza kulipima mwenyewe kwa futi ya fundi cherehani.

Serikali nayo ina tarakimu zake. Afisa mmoja anayeshughulikia biashara ndogo anarudia ile inayojulikana sana, kwamba zaidi ya asilimia 80 ya ajira nchini Kenya, ukiacha kilimo kidogo, iko katika sekta isiyo rasmi, na anaihesabu karakana ya maboksi kuwa ushahidi wa uwezo wa jua kali kuzalisha kazi. Tarakimu hiyo ni ya kweli, na ndiyo maana inafaa kuulizwa maswali. Inamweka katika kapu moja fundi mwenye msumeno wa meza, wasaidizi na oda za wiki mbili mbele, pamoja na kijana mwenye jigiso ya kuazima anayeunganisha boksi moja kila baada ya siku kadhaa kwenye kando ya barabara. Haisemi nani anapata faida, nani anafundishwa kazi, wala nani anavuta vumbi la MDF bila barakoa, vumbi la ubao ulioshikamanishwa kwa gundi yenye fomaldehidi, kemikali iliyothibitishwa kusababisha saratani. Inahesabu vichwa, kisha inaitwa mafanikio. Wakati huo huo fundi analipa VAT ya asilimia 16 iliyomo katika bei ya kila shiti, gundi na skrubu. Akiwa chini ya mauzo ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na hajasajiliwa, hana namna ya kuidai kodi hiyo. Inabaki kuwa gharama yake, na bei ya mteja haitaki kuibeba. Afisa anaposema mazingira ya biashara ndogo yanaboreka, ni haki kumuuliza ni kwa shiti gani.

Kuna wanaoona kwamba hatari kubwa iko kwa maboksi yaliyotengenezwa viwandani China, na kwamba mafundi wanasubiri tu zamu yao ya kufungiwa. Hapa hofu inahitaji kugawanywa sehemu mbili. Boksi kubwa tupu halisafiri vizuri, kwa sababu anayelisafirisha anailipia hewa. Kontena la futi 40 lina kama mita 67 za ujazo, na maboksi ya lita 84 yasiyotimia 800 yangelijaza hata kama yangepangwa bila mwanya. Kwa hiyo, kwa maboksi ya kipimo hicho, umbali wa bahari ni ulinzi ambao hakuna ushuru unaoweza kuushinda. Hatari iko kwenye sabufa, yaani spika za besi, zile nyembamba za chini ya kiti, zenye amplifaya ndani yake, ambazo hufika zikiwa zimepimwa tayari, hazichukui buti na hufungwa kwa muda mfupi. Hazina besi ya kutikisa gari, lakini mwenye gari dogo la kwenda kazini haitaki. Magari mapya pia yanakuja na skrini iliyounganishwa na mifumo mingine ya gari, na kukata waya nyuma ya skrini hiyo si jambo la kubahatisha. Sehemu hiyo ya soko huenda ikawaponyoka mafundi polepole, na hakuna hoja ya uzalendo itakayoirudisha.

Sehemu itakayobaki ni ile ngumu, nayo ndiyo inayodai elimu zaidi. Gari dogo lililofungwa madirisha husaidia besi lenyewe. Chini ya takriban Hz 60 nafasi ndogo ya ndani huipandisha sauti, na boksi lililozibwa la lita 30 linaweza kushuka chini vizuri kuliko mtu angetarajia. Matatu ya abiria 33 haitoi msaada huo kwa kiwango hicho, kwa kuwa ni ndefu, milango yake hufunguliwa kila kituo na miili ya abiria hujaza nafasi. Anayehamisha kipimo cha boksi kutoka gari dogo kwenda matatu amekosea kabla ya kushika msumeno. Umeme nao unabadilika. Mabasi mengi ya ukubwa huo yana betri mbili zinazotoa volti 24, wakati amplifaya nyingi zinazouzwa ni za volti 12. Njia sahihi ni kuweka kifaa cha kushusha umeme. Njia ya mkato ni kuchota volti 12 kutoka betri moja kati ya mbili, jambo ambalo huifanya hiyo moja ichoke huku mwenzake ikichajiwa kupita kiasi, na mwenye gari hununua betri zote mbili kabla ya wakati akidhani amepigwa na bahati mbaya. Ujuzi wa aina hii hauji ndani ya katoni. Uko kichwani mwa mafundi wachache, na kwa sasa haulipwi kwa jina lake. Umefichwa ndani ya bei ya mbao na kapeti.

Pingamizi zito kuliko yote linahusu kelele yenyewe. Kwa nini jamii itake ubora katika kazi ambayo matunda yake ni kumnyima mkazi wa ghorofa ya pili usingizi? Jibu rahisi la wafanyabiashara, kwamba nganya, yaani matatu iliyopambwa, bila muziki haipakii, ni la kweli kibiashara katika njia zinazopendwa na vijana, lakini halimsaidii mkazi huyo. Maafisa hutaja kanuni za kelele za mwaka 2009, ambazo katika maeneo ya biashara huruhusu desibeli 60 mchana na 35 usiku, kana kwamba tarakimu hizo zimemaliza mjadala. Hazijaumaliza. Kipimo hicho huchujwa ili kifuate usikivu wa sikio, na mchujo huo hupunguza sauti ya Hz 50 kwa kama desibeli 30. Besi yenye desibeli 90 halisi kwenye Hz 50 inasomeka kwenye mashine kuwa karibu 60, yaani ndani ya sheria ya mchana, huku kioo cha dirisha kikitetemeka. Kanuni inayotegemewa kumlinda mwananchi dhidi ya sabufa imekabidhiwa chombo ambacho karibu hakiisikii sabufa. Si ajabu basi kwamba, kwa maneno ya wenye karakana, utekelezaji wake hufanyika zaidi kwa jicho na kwa mazungumzo ya kando ya barabara, gharama ambayo hakuna tarakimu rasmi inayoionyesha.

Hata hivyo upungufu wa kanuni hauwapi wafanyabiashara ruhusa ya kunyamaza. Kipimo kinachotumiwa sana na wataalamu wa masikio ni desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku, na kila ongezeko la desibeli 3 hukata muda huo nusu. Kwenye desibeli 91 muda salama ni saa 2. Dereva na makanga hukaa ndani ya matatu kutwa nzima, mara nyingi zaidi ya saa 12. Hao ndio wahanga wa kwanza wa muziki mkubwa, na hakuna anayewafidia. Boksi bora linaweza kupunguza madhara hayo kwa kiasi fulani, kwa sababu boksi linalovuja hewa na kutetemeka kuta humfanya mwenye gari aongeze sauti kutafuta uzito ambao haupo, na makali ya spika za juu hupanda pamoja nayo. Kusema kwamba litayaondoa kungekuwa kuwadanganya wasomaji. Biashara inayotaka kuheshimiwa itabidi ianze kuwaambia wateja wake kiwango cha mwisho cha sauti, na iwe tayari kukosa baadhi yao.

Mwelekeo wa mbele, kwa ushahidi uliopo, unaegemea zaidi upande wa wasiwasi kuliko wa matumaini. Wateja wa magari madogo wanaweza kuhamia sabufa za chini ya kiti. Wenye matatu wataendelea kuagiza maboksi makubwa mradi ushindani wa kupakia abiria haujabadilika, ingawa agizo moja la kuondoa muziki mkubwa kwenye matatu linaweza kusimamisha oda za mwezi mzima. Bei ya mbao inaweza kupanda, na hakuna dalili kwamba VAT iliyofichwa ndani yake itampungukia fundi mdogo. Katika hali hiyo, nafasi nzuri kidogo iko kwa karakana zitakazotaka kuiona spika kabla haijanunuliwa, zitakazotoza ushauri na upimaji kama kazi inayojitegemea, na zitakazobandika lita na Hz kwenye kila boksi linalotoka mlangoni. Huenda wateja wa mwanzo wakakataa, na huenda jirani anayetoa maboksi matatu kwa shiti akaonekana mjanja kwa msimu mmoja au miwili. Lakini anayeuza mbao anashindana na kila mwenye msumeno jijini, na bei ya ushindani huo inajulikana. Anayeuza kipimo kilichoandikwa ana washindani wachache zaidi, na ana kitu cha kumwonyesha mwenye gari siku spika itakaponyamaza. Hilo halihakikishi faida. Lakini kwa sasa, kipimo hicho ndicho kitu pekee katika biashara hii ambacho bei yake haijapangwa ng'ambo.